BEI IKIPANDA JENGO LIKIWA NUSU, HASARA NI YA NANI?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi, nayo imechapwa hapa kwa ombi lao.)



Katika mkutano uliopita ndugu yetu mmoja alisimama akauliza swali lililopigiwa makofi mengi kuliko majibu yote ya siku ile. Alisema: "Mkandarasi ametia sahihi mkataba kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Sasa saruji imepanda, naye anakuja kulia mbele ya Serikali aongezwe. Je, saruji ingalishuka, angalikuja kurudisha?" Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Lakini nilipofika nyumbani usingizi ulichelewa kunijia, kwa kuwa swali lile lina maana kubwa kuliko tulivyolichukua, na kwa kuwa mimi mwenyewe ninalo jambo katika habari hii ambalo sijapata kulisema hadharani. Basi Bwana Katibu alipotafuta msemaji wa mwezi huu, nikampelekea jina langu.

Nawatakeni radhi mapema. Mimi si mhandisi, wala si mkadiriaji wa ujenzi. Ni karani kama ninyi, na kazi yangu kwa miaka kadha wa kadha imekuwa kushika mafaili ya mikataba ya majengo ya Serikali: kupokea zabuni, kunakili masharti, kuandika barua za kujibu barua, na kupeleka hati za malipo kwa mhasibu. Kwa hiyo nitasema yale yanayoonekana kutoka mezani pa karani, nanyi mtaona kuwa si machache.

Mtu anunuaye mahindi sokoni hulipa bei ya leo akachukua mahindi ya leo. Mjenzi hana raha hiyo. Leo anataja bei, na vitu atakavyovilipia kwa bei hiyo atavinunua baada ya miezi sita, au kumi, au ishirini. Nondo za msingi atazinunua mapema; mabati, vioo na rangi ni vya mwaka ujao; na vibarua atawalipa kila Jumamosi mpaka siku ya kukabidhi ufunguo. Kwa hiyo kila atiaye zabuni hutabiri, apende asipende, naye hutabiri mambo yasiyo mkononi mwake wala mkononi mwetu. Mwezi wa Novemba 2011 bei za vitu katika Kenya kwa jumla zilikuwa zimepanda karibu 20 kwa mia kuliko Novemba ya mwaka uliotangulia. Mwezi wa Oktoba 2022 kupanda huko kulikuwa 9.6 kwa mia. Tena ziko bei zinazokwenda na thamani ya fedha yetu: mwanzo wa 2023 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 123 hivi, na Januari 2024 ilifika karibu 160. Lami hutoka ng'ambo, na chuma vilevile kwa sehemu kubwa. Mjenzi wa barabara aliyetia zabuni Januari 2023, akanunua lami Januari 2024, alinunua kwa shilingi nyingine kabisa, ingawa ilikuwa na picha ile ile.

Sasa hasara hiyo haina budi ikae mahali. Wengi wetu tunadhani kwamba tukiandika katika mkataba, "Bei hii haitabadilika kwa sababu yoyote," basi Serikali imejikinga bure. Natamani ingekuwa hivyo.

Watazameni wajenzi wawili wanaoomba kazi moja. Wa kwanza ni mtu wa hesabu. Anajua kuwa bei hupanda, na kuwa mkataba hautamsaidia zikipanda, basi anaongeza juu ya bei yake kiasi cha kujilinda, tuseme 12 kwa mia. Bei zisipopanda, kiasi hicho ni chake, na Serikali imelipia mvua ambayo haikunyesha. Wa pili ama hajui kupiga hesabu, ama ana njaa ya kazi, ama anatumaini kuwa akiisha kuingia ndani atapata njia. Huyu haongezi kitu. Zabuni zikifunguliwa, ni nani mwenye bei ndogo? Ni wa pili. Kwa hiyo sharti hili la bei isiyobadilika, mbali na kutulinda, hutuchagulia mjenzi: humfukuza mwenye kuhesabu na kumleta mwenye kubahatisha. Na bahati ikimgeukia, hana akiba ya kusimamia. Kwanza atapunguza saruji katika zege, na hilo hatutaliona mpaka nyufa zionekane. Halafu atapunguza vibarua. Mwisho atafunga kibanda chake aende zake, na sisi tutatangaza zabuni upya kwa bei za siku hiyo, tukilipa pia mlinzi wa kulinda kuta zisizo na paa. Hasara ile tuliyodhani tumeisukuma kwake imeturudia mlangoni, nayo imenenepa.

Lakini msinielewe kwamba nasema Serikali ibebe yote. Uko mtindo wa kumlipa mjenzi gharama zake zote kwa risiti, na mtindo huo una maradhi yake. Mtu ajuaye kuwa kila risiti italipwa hana haja ya kubishana na mwenye duka, wala ya kununua nondo mapema kabla hazijapanda. Na risiti zenyewe, ninyi mnajua. Nimewahi kushika mkononi risiti tatu za maduka matatu, za miezi mitatu mbalimbali, zilizoandikwa kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, na herufi "g" yenye mkia wa namna moja.

Lililobaki ni kugawana kwa kipimo, na shida yote imo katika neno hilo "kipimo".

Tutazame kwanza sheria ya kwetu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 139, inasema kuwa bei ya mkataba haiwezi kuongezwa ndani ya miezi kumi na miwili tangu siku ya kutia sahihi. Baada ya hapo ongezeko la bei laweza kufikiriwa, nalo lifuate kipimo cha bei za watumiaji kitolewacho na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, au kima cha kupanda kwa bei cha kila mwezi kitolewacho na Benki Kuu. Tena mabadiliko yote ya mkataba, ya bei na ya wingi wa kazi pamoja, yasizidi 25 kwa mia ya bei ya kwanza. Kwa ufupi, mwaka wa kwanza ni wa mjenzi, na baada yake hugawanwa, lakini chini ya dari.

Sheria hii ina busara ndani yake, nami siidharau. Imewafungia mlango wale waliokuwa wakitia sahihi leo na kuomba nyongeza kesho kutwa. Lakini tuliomo maofisini tunaona pembe zake tatu zinazochoma.

Ya kwanza ni tarehe. Miezi kumi na miwili huhesabiwa tangu kutia sahihi, lakini bei ya mjenzi ilizaliwa siku ya zabuni. Kati ya siku hizo mbili kuna kutathmini, na kuandikia wote walioshindwa, na rufani huenda ikatokea, na faili huenda likalala mezani pa mkubwa aliye safarini. Ikiwa sisi tumechukua miezi mitano, mjenzi amebeba miezi kumi na saba. Miezi mitano hiyo hakuiomba, tumempa sisi.

Ya pili ni kipimo chenyewe. Kipimo cha bei za watumiaji hupima kikapu cha nyumbani, na theluthi moja hivi ya uzito wake ni chakula na vinywaji visivyo pombe. Mvua ikinyesha vema, sukuma wiki na nyanya zikashuka, kipimo hutulia, hata ikiwa nondo zimepanda sana mwaka ule ule. Na kiangazi kikija, unga ukapanda, mjenzi aweza kuongezwa fedha kwa sababu ya unga ambao hautii katika zege. Ni kama kumpima mtu urefu kwa kumtia katika mizani. Ofisi hiyo hiyo ya Takwimu hutoa kila robo ya mwaka fahirisi ya bei za vitu vya ujenzi, na hicho ndicho kipimo kinachojua bei ya kokoto.

Ya tatu ni dari. Ikiwa ujenzi umeongezwa vyumba hata kazi ikazidi 20 kwa mia, kama sheria inavyoruhusu kwa wingi wa kazi, basi chini ya dari imebaki 5 tu kwa ajili ya bei. Mkubwa aliyeongeza vyumba alikula nafasi ya nyongeza ya bei bila kujua, na karani aliyeandika barua ya kuviongeza hakumkumbusha.

Sasa naomba tuvuke bahari kidogo, maana liko taifa lililolifikiri jambo hili kwa uangalifu mkubwa, nalo ni Japani. Katika mfano wa mkataba wa kazi za umma wa nchi ile, kifungu cha 26, mmoja wa wenye mkataba aweza kuomba bei ibadilishwe ikiisha miezi kumi na miwili tangu kutia sahihi, ikiwa bei au mishahara imebadilika. Lakini hesabu haifanywi juu ya mkataba mzima, hufanywa juu ya kazi iliyobaki tu, na mjenzi hubeba kwanza 1.5 kwa mia ya kazi hiyo iliyobaki. Mathalan, kazi iliyobaki ilikuwa ya yeni 100,000,000. Ikihesabiwa kwa bei mpya ni 106,000,000. Tofauti ni 6,000,000. Mjenzi anabeba 1,500,000, na aliyempa kazi analipa 4,500,000. Ndugu yetu aliyeuliza swali asikie na hili: mwenye haki ya kuomba ni yeyote kati ya wawili. Bei zikishuka, Serikali nayo huomba, na mjenzi hupunguziwa kwa hesabu ile ile iliyogeuzwa.

Tena wanacho kifungu kingine kwa kitu kimoja kilichopanda peke yake. Mwaka 2008 chuma na mafuta vilipanda sana duniani, na mwezi wa Juni mwaka ule wizara ya nchi ile inayosimamia ujenzi ilitangaza kuwa kifungu hicho kitumike kwa vitu hivyo viwili. Hapo mjenzi hubeba kiasi cha 1 kwa mia ya bei ya mkataba, na kinachozidi hulipwa. Napenda sana desturi hii, kwa sababu haimuulizi mjenzi kama ni mwema au mbaya. Inasema: hasara ndogo ni ya biashara yako, na ulijua hivyo ulipoingia, hasara kubwa isiyotokana na kosa lako, tutaichukua sisi, maana sisi ni wengi na tuna kazi nyingi, na kazi moja ikitupiga nyingine huenda isitupige.

Njia nyingine, ambayo imeingia katika mikataba mingi ya Afrika Mashariki, hasa ile mikubwa ya fedha za mikopo, ni ile ya kitabu chekundu cha shirikisho la wahandisi washauri liitwalo FIDIC, chapa ya 1999, kifungu 13.8. Hapa hapana kungoja mwaka wala kukaa mezani kusihiana. Kila hati ya malipo huzidishwa kwa namba moja inayotoka katika kanuni. Najua neno "kanuni" huwafukuza watu katika chumba, lakini kaeni kidogo, maana hesabu yake haizidi ya darasa la sita.

Bei ya kazi hugawanywa mafungu. Fungu la kwanza halibadiliki hata dunia ipinduke. Hilo ni la mjenzi kubeba. Mafungu mengine ni ya kazi ya mikono, saruji, chuma, mafuta na kadhalika, na kila moja hufuata fahirisi yake. Mimi natunga mfano. Fungu lisilobadilika ni 0.15, mishahara 0.25, saruji 0.20, chuma 0.20; mafuta na mitambo 0.20. Jumla yake ni 1. Siku ya zabuni fahirisi zote tuziite 100. Sasa ni mwezi wa kumi na nne: mishahara ni 104, saruji 110, chuma 140, mafuta 125. Zidisheni kila fungu kwa fahirisi yake: mishahara yatoa 0.26, saruji 0.22, chuma 0.28, mafuta 0.25. Ongezeni 0.15 yetu isiyotikisika, mpate 1.16. Hati ya mwezi huo ilikuwa ya shilingi 2,000,000, italipwa 2,320,000. Kwa lile fungu la 0.15 mjenzi hakupata kitu, ingawa gharama zake huko nazo zimepanda; zikiwa zimepanda kwa kiasi sawa na nyingine, amebeba mwenyewe karibu shilingi 56,000 katika hati hiyo moja. Huo ndio mgawo wake.

Ona jinsi mambo mengi yanavyotulizwa na kanuni hii. Risiti hazitakiwi, maana hulipi kwa risiti, unalipa kwa fahirisi. Mjenzi mwerevu aliyenunua chuma mapema kwa bei ya chini faida ni yake, na mzembe aliyengoja mpaka kikapanda kupita fahirisi hasara ni yake. Fahirisi zikishuka, malipo hushuka bila barua. Na mjenzi akichelewa kwa kosa lake, kitabu hicho kinasema kuwa baada ya siku ya kumaliza kupita, hutumiwa ama fahirisi ya siku 49 kabla ya siku hiyo ya kumaliza, ama fahirisi ya sasa, yoyote iliyo nafuu kwa mwenye jengo. Hawezi kukaa kitako akingoja bei zimpandishie malipo. Na siku ya kuanzia kuhesabu si siku ya sahihi, bali ni siku 28 kabla ya siku ya mwisho ya kupokea zabuni, kwa hiyo miezi yetu ya kutathmini haimwangukii.

Kodi nayo ina mahali pake pa peke yake. Tarehe 1 Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta ilitoka 8 ikawa 16 kwa mia katika Kenya. Hiyo haikuwa bahati mbaya iliyotoka mbinguni, ilitoka Bungeni. Kitabu kile kina kifungu mbali, 13.7, kwa gharama zinazoletwa na sheria mpya, na kwa maoni yangu hapo hapana la kugawana: anayetunga sheria na alipe matokeo yake katika mikataba aliyokwisha kuifunga.

Sasa nafika kwenye jambo langu.

Kifungu kile cha 13.8 kina sentensi moja fupi ambayo kila karani anapaswa kuijua kuliko zote. Inasema kuwa kifungu chote hutumika kwa mafungu yaliyoandikwa katika jedwali la marekebisho lililoambatishwa na zabuni. Na ikiwa hapana jedwali, kifungu hakitumiki. Basi. Hakuna mjadala. Wahandisi na wanasheria wakae mwaka mzima wakitunga kanuni, na ukurasa mmoja ukiachwa mtupu, yote ni hewa, na hasara yote imekwenda kwa mjenzi kimya kimya.

Mwaka 2020 nilikuwa katika ofisi moja, sitaitaja, nikapewa kazi ya kutayarisha masharti ya zabuni ya zahanati yenye wodi ya wazazi, kazi ya miezi ishirini. Nilichukua masharti ya kazi iliyotangulia nikayanakili. Kazi ile ya nyuma ilikuwa ya miezi saba tu, na jedwali lake lilikuwa na mistari bila namba. Nilipolifikia nilifikiri ni fomu tu kama fomu nyingine nyingi, nikaandika juu yake "Halihusu," nikaendelea na ukurasa uliofuata. Mkubwa wangu alitia sahihi, nami simlaumu, maana alikuwa na mafaili arobaini siku ile. Wajenzi waliotia zabuni hawakuuliza. Aliyepata kazi alikuwa mtu wa mji ule ule, fundi mwashi aliyekuwa ameinuka mpaka kuwa na kampuni yake mwenyewe, mtu mzima kuliko mimi, nami nilikuwa nikimwamkia kwa heshima.

Mwaka 2021 chuma kikapanda duniani kote, nacho kikapanda kwetu. Kuta zilikuwa zimefika usawa wa linta. Yule mzee aliandika barua nzuri, yenye adabu, akaambatisha bei za chuma za mwezi kwa mwezi, akaomba kifungu 13.8 kitumike. Barua ilikuja kwangu niandike jibu. Nilifungua mkataba kutafuta jedwali, nikaona neno "Halihusu" kwa herufi nilizozipiga chapa mimi mwenyewe.

Nikaandika jibu kama nilivyoagizwa: kwamba kwa masikitiko ombi haliwezi kukubaliwa kwa sababu mkataba hauna jedwali la marekebisho. Kila neno lilikuwa la kweli. Sikuandika kuwa jedwali halikuwako kwa sababu karani alikuwa na haraka. Aliendelea miezi mitatu, akauza lori lake moja, halafu kazi ikasimama. Vibarua wake walikuja ofisini wakaketi chini ya mti siku mbili, wakidai mishahara kwetu kana kwamba sisi ndio tuliowaajiri, na sisi tukawaambia waende kwa mwajiri wao. Zahanati ilimalizwa na mjenzi mwingine baada ya zabuni mpya, na kwa yale niliyoyaona katika faili, nyongeza aliyoiomba yule mzee ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya bei kati ya mkataba wa kwanza na wa pili. Wanawake waliotarajia kujifungulia pale walikwenda mbali kwa muda wote huo.

Ndugu yetu mmoja niliyemsimulia habari hii faraghani aliniambia, "Lakini mzee yule alipaswa kusoma kabla ya kutia sahihi." Ni kweli. Nami nilipaswa kusoma kabla ya kuandika. Tofauti ni kwamba yeye aliuza lori, nami nikapandishwa cheo mwaka uliofuata.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Katika kazi hii daftari ni letu. Naomba basi niseme machache tunayoweza kuyafanya kabla sheria haijatengenezwa na wenye kuitengeneza. Masharti ya kazi ipitayo mwaka yanapotujia, tuulize kwa maandishi, tupate jibu kwa maandishi: jedwali hili lijazwe namba gani, na fungu lisilobadilika liwe kiasi gani? Mhandisi akisema halihusu, na aandike yeye na kutia sahihi yake, si sisi. Fahirisi za vitu vya ujenzi zinapotolewa kila robo ya mwaka, nakala moja iingie katika faili siku ile ile, maana kuzitafuta baada ya miaka mitatu mbele ya wakaguzi ni taabu nami nimeionja. Anayeandika barua ya kuongeza kazi na ahesabu pembeni, kwa penseli, dari ya 25 imebaki ngapi, amwonyeshe mkubwa kabla hajatia sahihi.

Na juu ya malipo niseme neno moja zaidi, kwa kuwa hapo ndipo tunapoharibu hata mgawo uliofanywa vizuri. Kanuni ile hupima bei za wakati kazi ilipofanyika, siyo za siku fedha zilipotoka. Kitabu chekundu kinatoa siku 56 tangu mhandisi kupokea hesabu ya mjenzi mpaka kulipwa. Zikipita, fedha alizozipata kwa fahirisi zinaliwa tena na ughali ule ule zikiwa bado kwetu. Riba ya ucheleweshaji imo katika kitabu, na imo katika sheria yetu, kifungu cha 140, lakini ni wajenzi wachache wanaothubutu kuidai kwa mteja ambaye kesho watamwomba kazi nyingine. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya iliunda kamati ya kuhakiki madeni yasiyolipwa ya tangu Juni 2005 mpaka Juni 2022. Mtu aliyekuwa akidai tangu mwaka 2005, hata akilipwa kila shilingi aliyoiandika, amelipwa nini?

Nalirudia swali lililonileta hapa: je, saruji ingalishuka, angalikuja kurudisha? Kwa mkataba niliouandika mimi, la. Asingalirudisha, wala nisingaliweza kumdai, kwa sababu ukurasa mtupu hunyamaza kwa pande zote mbili. Kwa mkataba wenye jedwali lililojazwa, asingalihitaji kuja: hati yake ingalipunguzwa papa hapa ofisini. Shilingi yetu ilipopata nguvu tena mwaka 2024, dola ikarudi karibu na 130 mwishoni mwa Machi, wenye mikataba ya namna hiyo, ikiwa fahirisi za lami na chuma zilifuata, walipaswa kuona malipo yao yakishuka. Kama makarani wao walikuwa wameziweka fahirisi katika faili, mimi siwezi kuwasemea.

Bwana Mwenyekiti, nimeleta nakala mbili. Moja ni jedwali lililojazwa kwa mfano, lenye namba zile zile nilizozisoma. Ya pili ni ukurasa wangu wa mwaka 2020, nimefunika jina la ofisi na la mjenzi. Nitaziweka hapa mezani, na anayetaka kunakili ya kwanza ninayo karatasi ya ziada.